Mjomba, mume wangu anaiwekea Subaru turbo petroli ya chupa, na kaka yangu wa Kanada anamuunga mkono

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala, mama wa watoto watatu, jina naomba liishie hapo maana mume wangu naye anakusoma na akijua ni mimi nimeandika humu ndani hapatakalika.

Msimu wa juzi korosho zililipa vizuri, shamba ni la mama yangu tukagawana mimi na wadogo zangu, fungu langu nikaongezea na mkopo wa kazini nikanunua gari. Subaru Forester, ile yenye pua kwenye boneti. Sikuchagua turbo mimi, mimi nilichagua rangi tu, aliyenitafutia Dar akasema dada hii inakimbia nikasema sawa ilimradi siyo nyeupe.

Sasa anayeendesha ni mume wangu. Asubuhi nikishaingia darasani anabeba abiria Newala Masasi, wikiendi anateremka Mtwara kupitia Tandahimba. Sheli ipo hapa hapa mjini lakini yeye ana rafiki yake anauza petroli barabarani kwa chupa na madumu, anamkopesha mpaka abiria walipe ndiyo anarudisha, kwa hiyo huko ndiko anakojaza karibu kila siku. Toka mwezi wa kumi gari limeanza mlio, akiwa amejaza watu anapandisha huu mlima wa kuja Newala kutokea Masasi, akikanyaga mafuta tu unasikia tatatata kama korosho zinadondoka kwenye bati, akiachia mafuta linanyamaza. Juzi nilikuwemo nikausikia mwenyewe, nikamwambia hilo gari linaumwa, akasema ni bodi tu imelegea, ni chuma hicho mke wangu.

Fundi wa kwanza akasema ni oktani, petroli hiyo ni dhaifu kwa turbo. Fundi wa pili akasema badilisha plagi basi. Mume wangu akaona bora amuulize kaka yangu, yaani shemeji yake, ambaye yuko Kanada kule Alberta mwaka wa tisa sasa. Kaka akamrudishia voisi ndefu anacheka, eti yeye ana snomobaili, ile pikipiki ya kwenye theluji yenye miguu kama ubao mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma, na ni ya turbo, ina nguvu ya farasi zaidi ya 150, na anaiwekea 87 ya bei chee kuliko zote na msimu wa pili huu iko freshi. Akasema nyie huko mnauziwa ya zaidi ya 90 mnalalamika nini. Halafu akaongeza eti Newala ni mlimani, mlimani hewa nyepesi, oktani ndogo inatosha, hata huko kwao kwenye milima watu wanajua hivyo.

Hiyo voisi Mjomba imekuwa wimbo wa taifa. Anawachezea mpaka abiria.

Swali langu, nani mkweli hapo? Na huo mlio utaua injini au ni kelele tu? Mkopo bado nakatwa mwaka na miezi minne. Nimefikiria hata kumficha funguo lakini naona nitavunja ndoa kwa sababu ya petroli. Na kaka siwezi kumwambia amekosea, ndiye aliyenisomesha toka fomu wani mpaka chuo.

Mama Watatu, Newala

* * *

Marahaba mpwa wangu,

Funguo ficha. Siyo kwa ugomvi, mwambie umemuuliza mtu na gari linatakiwa lisipande mlima siku mbili tatu, basi. Maana huo mlio uliouelezea, wa kuja ukikanyaga na kukata ukiachia, gari likiwa limebeba na liko kwenye kipandishi, siyo bodi. Bodi ikilegea inapiga kelele kwenye mashimo, haijui kama umekanyaga mafuta au hujakanyaga.

Mimi nimekaa gereji Mtwara miaka mingi, Ligula pale, na injini ya kwanza ya turbo niliyoiua niliiua kwa kupuuza mlio huo huo. Ilikuwa gari ya mteja, kaja analalamika inatoa kisauti, nikaijaribu kwenye tambarare ya kwenda Mikindani sikusikia kitu nikamrudishia. Wiki mbili imerudi inavutwa. Nilipofungua plagi ya silinda namba nne ile kauri yake nyeupe ilikuwa na vidoa vya kung'aa vidogo vidogo kama mtu kanyunyizia chumvi, nikavikwangua kwa kucha, ni aluminiamu. Pistoni ilikuwa inakatika vipande inajipaka kwenye plagi. Mbavu inayoshika ringi ilishavunjika, mgandamizo hakuna, oili inatokea kwenye egzosi. Toka siku hiyo turbo yoyote ikiletwa kwangu naijaribia mlimani na watu ndani.

Sasa nikueleze kinachotokea mule, maana mumeo atakuuliza. Petroli kwenye silinda inatakiwa iungue kama unavyochoma shamba kabla ya mvua, unawasha upande mmoja moto unatembea taratibu mpaka mwisho. Plagi ndiyo inawasha. Lakini ukiigandamiza sana ile hewa na petroli, ikapata na joto juu yake, ile kona ya mwisho ambayo moto haujafika inajilipukia yenyewe kabla ya zamu yake, mioto miwili inakutana, ndiyo hizo korosho zako kwenye bati. Oktani ni kipimo cha uvumilivu tu, petroli inaweza kugandamizwa kiasi gani kabla haijajilipukia. Kuna kimiminika kinaitwa aisooktani kimepewa 100, na kingine heptani kimepewa 0, petroli ya 95 ni ile inayovumilia sawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5 wa hivyo viwili. Haina nguvu zaidi, kuna watu wanaamini ukiweka oktani kubwa kwenye IST itakimbia, haitakimbia, umetupa hela.

Ila turbo ni habari nyingine kwa sababu kazi yake ni kusukumiza hewa ndani kwa nguvu, yaani inagandamiza kabla pistoni haijagandamiza. Fungua kifuniko cha tanki la gari lako utazame kama stika ya Kijapani bado ipo. Kule Japani kuna petroli mbili, ya kawaida ambayo iko kwenye 90 hivi, na wanayoiita haioku inayokaribia 100, na hizi Forester za turbo zilitengenezwa zinywe haioku. Petroli yetu ya kawaida haifiki hiyo 100. Kwa hiyo hata ukijaza sheli nzuri kabisa injini yako tayari inaishi kwa kubana matumizi, kuna kihisio kinaitwa nok sensa kinasikiliza huo mlio, kikiusikia kompyuta inachelewesha moto wa plagi kidogo, nguvu inapungua, injini inapona. Ndiyo maana Subaru turbo ziko nyingi tu Tanzania na zinatembea. Lakini huko kuchelewesha kuna mwisho wake mpwa. Ukiusikia mlio kwa masikio yako ukiwa umekaa ndani, madirisha yamefungwa na abiria wanapiga stori, ujue kompyuta imeshajitahidi imeshindwa.

Nije kwa kaka yako, na namheshimu, aliyekusomesha hakosewi adabu. Wala hajadanganya. Kasoma namba ya kwenye pampu ya kwao akaifananisha na ya kwetu, na hizo ni rula mbili tofauti. Petroli inapimwa kwa njia mbili maabara, moja ya upole moja ya ukali, sisi na Wajapani na Wazungu wa Ulaya tunaandika ile ya upole, Marekani na Kanada wanajumlisha zote mbili wanagawa kwa mbili, kwa hiyo namba yao inatoka ndogo wakati petroli ni ile ile. 87 yake yeye kwa rula yetu ni kama 91 au 92. Na mashine nyingi za theluji zenye turbo kitabu chake kinataka 91 ya kwao, ambayo huku ni kama 95 au 96. Sasa yake inaponaje kwa 87? Ina kompyuta na yenyewe, inajipunguza, yeye anadhani anaendesha farasi 150 na ushee kumbe wengine wamelala. Na anaiendesha wikiendi za baridi. Mumeo anapanda mlima kila siku ya Mungu.

Halafu hiyo baridi yenyewe. Chukua turbo inasukuma hewa mpaka inakaribia mara mbili ya kawaida. Kaka yako hewa anayovuta iko nyuzi 20 chini ya sifuri, ikitoka kwenye turbo kwa hesabu ya kawaida imefika nyuzi 45 hivi, joto la bati la choo mchana. Mumeo anavuta hewa ya nyuzi 31 ikitoka kwenye turbo ni kama nyuzi 110. Chai haichemki hivyo. Kuna intakula ya kuipoza, ndiyo hiyo iliyokaa chini ya ile pua ya boneti, lakini pua inafanya kazi upepo ukiingia, sasa gari limejaza watu linapanda kipandishi kwa spidi ya baiskeli, upepo uko wapi? Intakula inakaa juu ya injini inaota moto nayo. Mashine ya kaka yako mkanda wake unarusha theluji kwenye mabomba ya maji ya kupozea muda wote, ni kama anaendesha friji.

Hiyo ya mlimani ndiyo imenichekesha zaidi maana ina ukweli ndani halafu inageuka. Ni kweli, Marekani kwenye majimbo ya milima mirefu wanauza mpaka 85, kwa sababu hewa nyepesi inaingia kidogo kwenye silinda na mgandamizo unapungua. Hiyo ni kwa injini isiyo na turbo. Turbo imewekwa ili irudishe hiyo hewa iliyopungua, ukipanda inajaza pengo, kwa hiyo silinda haijui kama iko mlimani. Na Newala yenyewe tunaiita mlimani sisi wa pwani kwa sababu ya baridi ya asubuhi na lile korongo la kutazama Ruvuma, haifiki hata mita 1,000. Milima ya kaka yako inapita 3,000.

Sasa hayo yote nimesema lakini ugonjwa wako mkubwa mimi naona siyo 87 wala 95, ni ile chupa. Ya sheli ina namba, ya chupa namba yake anaijua aliyechanganya. Nchi hii tumeshapitia uchakachuaji mpaka serikali mwaka 2010 ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuyachanganya. Simsemi rafiki wa mumeo vibaya, inawezekana na yeye anauziwa hivyo hivyo na haelewi. Lakini mafuta ya taa oktani yake iko chini mno, kikombe kwenye dumu kinashusha uvumilivu wa dumu zima, bodaboda italalamika kidogo iendelee, turbo itagonga. Na hata ikiwa safi, petroli iliyokaa kwenye chupa ya plastiki juani wiki nzima kile chepesi chake kinapaa kinabaki kizito, ukifungua unasikia inatoa pumzi fyuuu. Hapo sijagusa habari ya kuuza bila leseni, wala ya nyumba iliyoungua.

Jaribio dogo mnaweza kufanya wote wawili, nje, mbali na jiko na sigara. Karatasi nyeupe ya daftari, wewe mwalimu hizo unazo, dondoshea tone la petroli ya sheli na pembeni tone la chupa. Petroli safi inakauka karatasi inabaki kavu. Ikibaki alama ya mafuta kama mtu kashika andazi, hiyo siyo petroli tupu. Fanyeni pamoja, usimfanyie yeye, kuna tofauti.

Halafu gari. Mafuta yaliyomo kwenye tanki yote yatolewe, msijaribu kuyapunguza makali kwa kuongezea ya sheli juu. Mjaze sheli inayouza sana, yenye foleni ya daladala, mafuta yake hayakai. Vuta stiki ya oili uinuse, ikinukia mafuta ya taa au imekuwa nyepesi kama maji ya wali, mwageni oili na filta pale pale. Fundi atoe plagi zote nne azipange kwenye kitambaa kwa namba, asizichanganye, halafu apime mgandamizo wa kila silinda. Mafundi wa Subaru wengi wanaanza na namba nne, ya nyuma kushoto, na hiyo ndiyo fundi mvivu anairuka kwa sababu mkono hauingii vizuri, kwa hiyo simama hapo hapo mpaka uione. Zikilingana silinda zote nne na plagi hazina vile vidoa vya chumvi, mmewahi, shukuru. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, gari lisiwashwe tena mpaka lifunguliwe, sitaki kusikia lilifika Masasi likarudi.

Aangalie pia mipira ya intakula kama imepasuka, na kama ndani ya mabomba ya hewa kuna oili imejaa, maana oili ikiingia na hewa nayo inashusha oktani, watu wengi hawajui. Na amtafute huyo mdudu kama yupo, kuna Wajapani wanapenda kuongeza kidude cha kupandisha presha ya turbo, gari linakuja nalo mpaka Newala hakuna anayejua, kikionekana kitolewe. Fundi wa pili aliyesema plagi tu hakukosea sana, plagi mbovu zinachangia, ila ni kumpa panadoli mtu wa malaria.

Kwenye maduka ya vipuri utauziwa kichupa cha kuongeza oktani. Soma lebo kwa utulivu. Wanaandika inapandisha pointi 30 mtu anadhani 90 itakuwa 120, kumbe pointi kumi ni oktani moja. Zingine zinaacha vumbi jekundu kama udongo wa Newala kwenye plagi. Sizitukani, ukikwama njiani ni afadhali kuliko kitu, lakini kuitegemea kila siku kwa biashara ya abiria faida yote inaishia kwenye kichupa.

Na uendeshaji, hapa mumeo ndiye bingwa siyo mimi, ila mwambie turbo haisukumi kama mguu hausukumi. Kwenye tambarare ukikanyaga kidogo hilo gari ni kama halina turbo, na mafuta ya kawaida yanalitosha. Mlimani asiliache kwenye D likajikokota na gia kubwa huku kakanyaga mpaka chini, hiyo ndiyo inaua kuliko zote, ashushe gia mwenyewe, injini izunguke kwa wepesi, mguu nusu. Apunguze mtu mmoja na gunia la juu. Akisikia korosho kwenye bati aachie mguu saa hiyo hiyo, asisubiri kona.

Sasa hilo la ndoa. Mimi siyo shehe wala padri lakini kwenye barua yako nimeona kitu hujakiuliza. Mumeo hapendi petroli ya chupa, anapenda kukopeshwa. Asubuhi hana hela ya kujaza, wewe mshahara unakatwa mkopo, anaona aibu kukuomba. Ukimpigia kelele za oktani mtagombana mpaka Pasaka. Mtengee hela ya tanki la kwanza la wiki, iite mtaji siyo msaada, Jumapili jioni akurudishie, kila lita aandike kwenye daftari. Deni la rafiki yake lilipeni liishe, vinginevyo atajisikia vibaya kumpita barabarani na atasimama tu. Na akishaviona vile vidoa kwa macho yake, au akiona havipo, hutahitaji kumwambia kitu. Mpeleke gereji na wewe uwe pembeni umenyamaza, najua kwa mwalimu hiyo ni kazi.

Kaka yako usimwambie amekosea. Mtumie voisi, msalimie, muulize wifi na watoto, halafu mwombe kama mdogo wake akufungulie kitabu cha ile snomobaili akusomee ukurasa wa mafuta wameandika iwekewe namba ngapi, kwa sababu shemeji yake anataka kujua. Akichelewa kujibu ujue ameenda kukitafuta.

Mjomba